Rangi ya Asubuhi Ile

"Usimwite nesi."

Fundi alikuwa ameshainama juu ya choo, jagi la plastiki mkononi, na alichokiona ndani ya jagi kilimgandisha hivyohivyo, mgongo umepinda, kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Mkojo wa dada yake ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa iliyosahauliwa jikoni. Haukuwa ule umanjano mkali wa dawa waliokwisha kuuzoea. Ulikuwa wa kahawia, na pembeni, pale mwanga wa taa ulipopenya plastiki, ulikuwa mwekundu.

"Dada, hii siyo rangi ya jana."

"Nimeiona kabla yako."

"Daktari alisema ikibadilika tu..."

"Alichosema Daktari nakijua. Mimi ndiye mgonjwa, wewe ulikuwa msikilizaji." Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki sakafuni, kichwa chake kisicho na unywele hata mmoja kimefungwa kilemba alichojishonea mwenyewe kwa masalio ya kitambaa cha makochi. Alizungumza kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia karakanani mteja msumbufu akiwa mlangoni. "Mwanangu yuko njiani. Amelala kwenye basi na kichanga kifuani, na kesho anatakiwa kazini kwao. Ukimwita nesi sasa hivi watashusha pazia, watanizunguka na masindano yao, na mjukuu wangu atarudi alikotoka bila mimi kumwona hata pua. Mwaga. Wakishaondoka tu, nasema mwenyewe."

"Dada, tafadhali."

"Ni saa chache, mdogo wangu. Tangu tuingie humu nimekuomba nini?"

Hakuwa amemwomba kitu, na hilo ndilo lililomshinda. Midomo yake ilikuwa imechubuka ndani hata mate yalimuuma kuyameza, na bado hakuwahi kumwomba amshikie hata kikombe. Fundi akamwaga. Akavuta maji, akasimama akiyatazama yakizunguka mpaka yakatulia meupe. Akaosha jagi, akanawa kwa ile sabuni ya hospitali iliyomchubua vidole, akatoka. Nesi wa zamu alipochungulia na kuuliza, "Mkojo vipi, Fundi?" alijibu, "Wa kawaida." Neno lilimtoka kirahisi hata mwenyewe akashangaa.

Ndugu hawa wawili walikuwa na karakana ya makochi, kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa ghala, mbele yake barabara iliyowatimulia vumbi kutwa nzima. Fundi ndiye aliyepiga fremu, akafunga mikanda na springi, akakata sponji kwa kisu kirefu kuliko mkono wake. Dada alipima, akakata, akashona kava. Alikuwa na jicho ambalo halikumpita kitu. Kitambaa cha maua kilipokutana kwenye mshono wake, ua halikukatika, jani lilianzia upande huu likamalizikia upande ule kama lililoota palepale. Wateja walikuwa na utani wao: mwenye karakana ni Fundi, lakini mwenye Fundi ni dada yake.

Walikuwa hawakosei sana. Mama yao alifariki Fundi akiwa bado anatambaa, na dada, ambaye naye alikuwa hajamaliza kuwa mtoto, akambeba mgongoni mpaka alipokataa mwenyewe kubebwa. Alimfundisha kushika sindano kabla hajajua kushika kalamu. Hata alipoolewa, hata alipoachika na kurudi na binti yake mdogo, ndiye aliyekuwa akiamua wale nini, watoke saa ngapi, mteja gani akopeshwe na yupi aambiwe vitambaa vimekwisha. Fundi hakuona ubaya. Kuna watu hupata raha kwa kuagizwa na mtu wanayempenda, na yeye alikuwa mmoja wao.

Ugonjwa ulianza kwa vitu vidogo. Alama za kijani mapajani, kana kwamba alikuwa akijigonga na cherehani usingizini. Fizi zilizotoa damu akipiga mswaki. Kisha siku moja alishindwa kuinua mkasi wake mkubwa, akauacha mezani akicheka. "Huu mkasi umenenepa," alisema. Wiki hiyohiyo walikuwa hospitali kubwa, wakiambiwa kuwa ni saratani ya damu. Dawa ziliishusha, ikarudi. Zikaishusha tena, ikarudi na nguvu zaidi. Mwishowe Daktari, mwanamke mfupi aliyekuwa akizungumza polepole kama anayemsomea mtoto, akawaambia imebaki njia moja: kupandikizwa mbegu za damu kutoka kwa ndugu. Fundi akapimwa. Uboho wao ulifanana kama pea ya viatu.

"Kuna kimoja tu hakifanani," Daktari alisema siku aliyowaketisha ofisini kwake. "Makundi ya damu. Dada ni kundi A, wewe Fundi ni kundi O. Hicho si kizuizi. Polepole damu yake itageuka iwe ya kundi lako."

"Yaani mimi nitakuwa O?" dada akauliza.

"Utakuwa O."

"Na huu ukali wangu utahama pia?"

"Huo sidhani kama una dawa," Fundi akasema, na wote watatu wakacheka.

Kisha Daktari akaacha kucheka. Aliwaeleza kwamba pamoja na mbegu hizo, katika mfuko huohuo, wangepita pia askari wa mwili wa Fundi, kama abiria waliodandia gari lisilo lao. Askari hao wakikutana na chembe nyekundu za zamani za dada, wanaweza kuziona ni adui na kuzivamia. Si kwa kila mtu. Ila ikitokea hutokea ghafla, katika wiki ya kwanza au ya pili, kabla damu ya zamani haijaisha mwilini. Chembe hupasuka kwa wingi, damu ikapungua mara moja, na kilichomo ndani yake kikamwagikia figo na kuziziba.

"Mkojo ukibadilika rangi, macho yakiwa manjano, mgongo ukiuma, mnatuita saa hiyohiyo," alisema. "Hata mkiona mnatusumbua. Nisumbueni."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliyasikia maneno yote. Baadaye, alipotaka sana kujidanganya kwamba labda hakuelewa vizuri, kumbukumbu ilimkatalia.

Siku ya kutoa mbegu hizo, Fundi alikaa kwenye kiti cha mashine tangu asubuhi mpaka jioni, sindano kila mkono, damu ikitokea huku na kurudia kule, pua ikimwasha na hana mkono wa kujikunia. "Hiki kiti mlikinunua wapi?" alimuuliza nesi. "Sponji yake imekufa zamani. Mkinipa ruhusa nitakifumua nikitoka hapa." Kesho yake mfuko mdogo ukatundikwa juu ya kitanda cha dada, wekundu wake umepauka kama maji ya kusuuzia nyanya, ukaanza kuteremka kwenye mrija wa kifuani.

"Ndiyo hivyo tu?" dada alisema. "Nilidhani kutakuwa na kishindo."

Kishindo kilikuja baadaye, baada ya vidonda vya mdomo na homa na zile asubuhi ambazo Daktari aliingia akitabasamu kwa sababu chembe nyeupe zilikuwa zimeanza kuonekana. Walikuwa wameshaanza kuzungumzia karakana, nani aliyeachiwa funguo, kochi la nani limebaki nusu. Ndipo ikaja asubuhi ya lile jagi.

Binti alifika mchana, nguo zimekunjamana kwa safari. Hawakuruhusu mgeni kuingia chumbani, ila palikuwa na dirisha la kioo linalotazama ukumbi, na simu yenye spika kila upande ili watu wasikilizane. Fundi alimwinua dada yake kutoka kitandani, akamsogeza mpaka kwenye kiti kilichokuwa chini ya dirisha. Alikuwa mwepesi mno. Kupitia kanzu ya hospitali alihisi moyo wake ukienda mbio, mbio za mtu aliyepanda ngazi nyingi, na alikuwa ametembea hatua chache tu.

"Dada, unatetemeka."

"Ni furaha. Nikalishe vizuri, asinione nimepinda."

Binti akafungua kanga ya kifuani, akamgeuza kichanga kuelekea kioo, paji lake likagusa. Kilikuwa kimelala, ngumi moja shavuni, kimeununia ulimwengu mzima. Dada aliweka kiganja chake juu ya kioo, akakiacha pale mpaka pakatanda ukungu kuzunguka vidole.

"Nionyeshe miguu," alisema mwishowe kwenye simu.

Binti akavua soksi ndogo, moja, kisha nyingine.

"Ooh, maskini! Vidole vya mjomba wako hivyo. Vimetawanyika kama watu waliogombana." Akacheka, na Fundi akacheka, na binti upande wa pili akacheka huku akijifuta macho kwa soksi ya mtoto. "Mwambie bibi yake anamwona. Mwambie anamshonea kitanda cha sponji, laini, mpaka akilalie akiwa na ndevu."

"Mama, ni msichana."

"Basi mpaka awe na wajukuu."

Walizungumza hivyo muda mrefu, mambo yasiyo na uzito, mtoto ananyonya vipi, analia saa ngapi, mkwe anajitahidi au anajifanya hamnazo. Mara binti akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama, mbona macho yako yana rangi hiyo?"

"Rangi gani?"

"Kama manjano."

"Ni taa za humu ndani. Hata mjomba wako anaonekana embe bivu, mtazame."

Binti alimtazama mjomba wake. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mabegani mwa dada, barakoa imemfunika uso wote isipokuwa macho. Ilikuwa nafasi. Neno moja tu lingetosha, hata kwa ishara ya kichwa. Nesi alikuwa akipita ukumbini wakati huohuo na sinia la dawa, akawapungia mkono, "Leo tumechangamka!" Fundi akahisi mkono wa dada ukipanda taratibu na kuushika wake, ukaubana, ukauachia.

"Ndiyo," alimjibu nesi. "Tumechangamka."

Binti alipoondoka, dada alimsindikiza kwa macho hadi mwisho wa ukumbi, hadi mgongo wake ulipopinda kona. Kisha akasema, kwa sauti ileile ambayo angeagizia uzi, "Haya. Sasa mwite."

Hakufika kitandani. Alianguka katikati ya chumba na Fundi akamdaka kwapani, akapiga ukelele uliowaleta manesi wote wa zamu. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. Alilalamika mgongo, kiuno, akasema anasikia baridi, akauliza kwa nini wamezima taa. Mkojo waliomtoa kwa mrija safari hii ulikuwa mweusi kama soda. Pazia likashushwa. Watu wakaingia wakikimbia na mifuko ya damu, mmoja, mwingine, mwingine tena, yote ya kundi O, kundi la Fundi, na kila mfuko ulipotundikwa mtu alisoma namba kwa sauti na mwenzake akaitikia. Fundi alisukumwa nje kwa upole na mtu ambaye hakumwona uso.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya dirisha lililoshushwa pazia. Kwenye kioo, upande wa nje, palikuwa na alama ya mafuta ya paji la uso la mtoto. Alitaka kuifuta na hakuweza.

Daktari alipotoka, kola ya koti lake ilikuwa imelowa. Aliketi kwenye benchi kando yake, jambo ambalo madaktari pale hawakuwa na mazoea nalo.

"Yupo hai," alisema. "Tunampeleka wodi ya mahututi. Chembe zake za zamani zimevunjwa karibu zote kwa mkupuo. Damu tunaweza kumrudishia. Ninachohofia ni figo." Akamgeukia. "Fundi, mkojo wa asubuhi ulikuwa wa rangi gani?"

"Kahawia."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna. Niliumwaga. Nesi aliniuliza nikasema wa kawaida. Nesi hana kosa."

Daktari hakumwuliza kwa nini. Labda alikuwa ameambiwa kuhusu wageni, labda aliiona ile alama kwenye kioo. Alitazama mikono yake.

"Ungetuambia, tungempa maji mengi mapema, na damu kabla hajaanguka," alisema polepole. "Kama figo zingepona, sijui. Nimewahi kuwawahi wengine na bado zikaziba. Siwezi kukwambia wewe ndiye uliyemponza, na siwezi kukwambia sivyo."

Fundi angependa apigwe kofi. Au aambiwe nenda nyumbani, hukujua. Alibaki na lile jibu lisiloshikika, akatembea nalo usiku na mchana.

Dada alipona. Hivyo ndivyo watu walivyosema, na ukitazama kwa upande mmoja ilikuwa kweli. Askari wa Fundi walipomaliza kuvunja kilichokuwepo, hapakubaki cha kuvunja. Zile mbegu zikaota, zikaanza kutengeneza chembe nyekundu zao wenyewe, changa, zenye nguvu. Asubuhi moja maabara ikaleta majibu kwamba damu ya dada sasa ni kundi O tupu, na saratani haionekani popote. Daktari aliyaleta mwenyewe. Lakini figo hazikuamka. Walizisubiri, wakazipa dawa, wakazipa muda, kisha wakaacha kuzizungumzia, na dada akaandikiwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, maisha yake yote.

Mtaani walipokelewa kwa vigelegele. Jirani muuza mkaa akamkumbatia Fundi mbele ya watu. "Umemrudishia dada yako uhai! Ndugu kama wewe wamebaki wangapi?" Fundi aliitikia asante, asante, akitazama chini, na watu wakasema kumbe pia ni mnyenyekevu.

Fundi alimwambia binti yote kwenye simu, jioni moja akiwa peke yake karakanani. Hakuyapamba. Upande wa pili mtoto alisikika kwa mbali akigugumia.

"Mjomba," binti akasema hatimaye. "Mimi niliyaona macho yake. Nilijua si taa." Akapenga kamasi. "Nilikuwa nimesafiri siku nzima. Nilitaka iwe taa."

Hawakulizungumza tena. Lakini tangu siku hiyo binti alipopiga simu aliuliza kwanza, "Wewe mjomba unaendeleaje?" kabla ya kuuliza habari za mama yake.

Dada mwenyewe mwanzoni hakukubali hata kidogo jambo hilo lihesabiwe kosa la mtu mwingine. "Nilikuagiza mimi," alimwambia mara ya kwanza alipomkuta anatazama ukuta. "Wewe ulitii. Ungenifanya nini, ungenipiga?"

"Nilikuwa na mdomo, dada."

"Mdomo wako nimeulisha mimi. Haukuwa na ruhusa." Akacheka. "Na nilimwona mjukuu wangu, nikaona na vidole vyake. Usiniharibie siku yangu."

Fundi akapumua kwa siku kadhaa. Alifikiri labda hivyo ndivyo mambo yatakavyokaa.

Ila maisha ya mashine yana kiu yake. Mtu ambaye figo zake zimelala hanywi anavyotaka. Maji yote anayokunywa hubaki mwilini, yakavimbisha miguu, yakapanda kifuani. Dada alipewa kipimo cha kutwa nzima, kikombe kimoja kidogo na nusu, na Fundi ndiye mlinzi wa kikombe. Dada alikuwa akirudi karakanani siku ambazo hakuwa na mashine, anakaa kwenye cherehani kama zamani, lakini baada ya mishono michache alikuwa akiegemea ukuta, macho yamefumba, midomo imekauka mpaka imepasuka. Mkasi mkubwa Fundi ndiye aliyekuwa akiushika sasa. Alikata kitambaa kwa kuelekezwa, na maua yakawa yanakatika kwenye mshono, na dada akawa anaona na kunyamaza.

Siku moja bati lilikuwa limeshika moto wa jua hata gundi ikayeyuka kwenye kopo. Fundi aligeuka kutoka kwenye fremu akamkuta dada amesimama kando ya ndoo ya maji ya kunawia, kata mkononi, anakunywa. Anakunywa kama ng'ombe, maji yakimtiririka kidevuni na kifuani.

"Dada!"

Hakuacha. Fundi akaruka, akaishika kata. Wakavutana, watu wazima wawili, maji yakawamwagikia wote miguuni mpaka kata ikabaki mkononi mwa Fundi. Dada alisimama akihema. Macho yaliyomtazama Fundi hayakuwa ya mgonjwa wala ya dada.

"Leo ndiyo umejua kunikatalia?" alisema. "Leo? Kwenye kata ya maji? Siku ile ungeniasi! Siku ile moja tu katika maisha yako, ungeniasi!"

Barabarani lori lilipita, likatimua vumbi, likaenda. Mchonga vinyago wa kibanda cha jirani aliacha kugonga.

Dada akakaa taratibu kwenye kiti cha cherehani. Alijifuta kidevu kwa upande wa kanga yake, akajifuta tena mahali palipokwisha kukauka. Fundi alibaki na kata mkononi. Akaitundika msumarini, akaisogeza ndoo mbali.

"Nipe ule uzi wa kijivu," dada alisema baada ya muda.

Akampa. Cherehani ikaanza kulia. Hakumwomba radhi, siku ile wala baadaye, na Fundi hakutaka aombwe. Neno lile lilikuwa la kweli. Alilipokea, likawa linakaa naye kwenye benchi la kazi, na cha ajabu ni kwamba lilimpa nafasi zaidi ya kupumua kuliko ule msamaha wa mwanzo.

Msimu wa joto ukaisha. Walijifunza namna ya kuishi: siku za mashine wanaamka kukiwa bado na giza, siku nyingine dada anakuja karakanani akishaota jua. Alianza tena kumgombeza kuhusu maua. "Hilo ua umelikata shingo, hata huruma huna?" Fundi alikuwa akifumua na kuanza upya, mara nyingine mara mbili, na hakuna aliyewahi kumwona akifumua kwa moyo mweupe namna ile.

Alasiri moja, mwalimu mstaafu aliyeagiza kochi la watu watatu alifika kulichukua, nyuma yake msukuma mkokoteni akipanga kamba zake. Kochi lilikuwa katikati ya karakana, limekamilika, kitambaa chake cha kijani kimevutwa mpaka hakina hata kunyanzi moja. Na juu yake alikuwa amelala dada. Alikuwa ametoka kwenye mashine asubuhi ile, akasema anajinyoosha kidogo tu, akapitiwa na usingizi ubavu mmoja, magoti ameyakunja, viatu amevipanga sakafuni.

"Fundi, salama? Kochi langu limekuwa tayari?" mwalimu akauliza.

Fundi alisimama kati yao.

"Bado, mwalimu. Gundi haijakauka."

Mwalimu alilitazama kochi. Akamtazama mwanamke aliyelala, kilemba kimemteleza na chini yake nywele fupi mpya, laini kama za mtoto. Akamtazama Fundi. Kisha akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia taratibu, fimbo katikati ya magoti.

"Basi nitangoja ikauke," alisema kwa sauti ya chini, na kwa mkono akamwashiria msukuma mkokoteni akae kivulini.

Fundi akachuchumaa kando ya kochi. Mkono wa dada ulikuwa umening'inia nje ya mto, kiganja kimetazama juu. Juu kidogo ya kifundo, pale madaktari walipounganisha mishipa miwili kwa ajili ya mashine, ngozi ilikuwa imeinuka kidogo na ilikuwa ikitetema, bila kupumzika, kama kuna kitu kidogo ndani yake kinachokimbia. Alinyoosha kidole mpaka karibu kabisa, hapo akakiacha hewani, akisikiliza.

Nje, mwenye mkokoteni alianza kupiga mluzi. Mwalimu akamtazama, naye akanyamaza.